Chupa Zisizo na Uzi

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata daftari la bure! Jalada la bluu, kalamu imechomekwa pembeni, na ukurasa wa kwanza wamechapa: Usalama wako ni jukumu lako. Mkufunzi kasema tuandike humu tunayojifunza. Ya kwake yanatosha kurasa mbili. Zilizobaki ni zangu. Nyumbani nikikohoa tu mama mkwe anauliza nimemsema nani.

Basi. Mafunzo ya afya na usalama kazini, siku tano, sisi watu wa usafi wote tisa. Tumeketishwa chumba cha mikutano, ghorofa ya tano — kile tunachokipangusa kila asubuhi na hatujawahi kukalia kiti chake. Kumbe vile viti vinazunguka! Mzee wa Vioo, anayesafisha madirisha, alizunguka mpaka akashika meza na macho yamemtoka. Mkufunzi akasema hiyo nayo ni hatari ya kazini. Mwanamume mfupi, tai imeshuka mpaka chini ya mkanda, sauti ya mtangazaji wa mpira.

Alianza na chupa zetu. Dawa za usafi zinakuja kwenye madumu makubwa, na storini tunazimimina kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Ukiziangalia zote ni maji tu. Shingoni kila chupa ina uzi wenye mafundo. Fundo moja, sabuni. Mawili, klorini. Matatu, asidi ya vyoo. Taa ya stori imeungua tangu lini sijui, lakini kidole kinakwambia umeshika nini. Mwenye kuanzisha nyuzi hizo ni wifi yangu.

Wifi yangu! Dada wa mume wangu. Kazini wanamwita Kamanda. Miaka kumi na moja kwenye jengo hili. Ndiye aliyeniingiza kazini mwaka juzi, na haijapita siku hajanikumbusha. Mimi ananiita Msomi, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na nilipofika sikujua kukamua dekio. Siku ya kwanza alinipa choo cha ghorofa ya pili kilichoziba, akaficha glovu, akawaita wenzake waje wamwone Msomi anavyofanya mtihani. Nilizibua kwa mkono. Wanacheka mpaka leo.

Na mwaka jana mimba ilipotoka, alisema mbele ya mama mkwe na majirani waliokuja kunipa pole: Hata kubeba hajui. Nimeliandika hapa. Si kwamba ningelisahau.

Tuendelee. Mkufunzi akainua chupa kwa uzi wake, akaitikisa hivi, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Akasema huu si mfumo, huu ni uganga. Watu wakacheka. Wifi akasimama, mikono kiunoni: uzi wangu haujamuunguza mtu miaka kumi na moja, wewe hiyo karatasi yako ina siku ngapi? Wakampigia makofi! Mkufunzi akatabasamu tu, akampa lebo. Haya mama, hebu tusomee kwa sauti.

Wifi akaishika mbali, akaileta karibu, akaigeuza. Akasema miwani ameisahau nyumbani.

Miwani! Nyumba yetu haina miwani hata ya jua. Wifi yangu hajui kusoma. Hata a hajui. Nyumbani tunajua sote, ujumbe wa simu yake anasomewa na kaka yake. Kazini sijui mtu anayejua, isipokuwa mimi.

Halafu Meneja akaingia, mama wa watu, ananukia losheni mpaka mlangoni. Akatangaza kwamba Ijumaa kuna jaribio la kuandika, na atakayefanya vizuri ndiye msimamizi wetu mpya. Koti la kijivu, funguo za stori, habari ya ndoo imekwisha. Wote wakamgeukia Kamanda. Mimi niliitazama ile lebo. Ameingia mwenyewe kwenye kumi na nane zangu.

Jumanne, 4 Juni

Leo ilikuwa kuinua vitu vizito na sakafu yenye maji. Piga magoti, mgongo wima, ndoo karibu na tumbo. Mkufunzi akauliza nani kawahi kuteleza. Wifi akanionyesha kwa kidole, akainuka akaigiza nilivyoanguka ngazini mwaka jana, miguu juu, dekio huku, kiatu kule. Akaigiza na sauti niliyotoa. Chumba kizima meno nje. Mkufunzi naye! Nilicheka na mimi. Ungefanyaje?

Lakini jioni, jikoni, akaja. Akageuza ndoo akaikalia. Nilikuwa naosha sufuria. Akasema zinatakata leo. Zinatakata! Mtu ambaye wakija wageni huzichukua kabatini akaziosha upya mbele yao. Nikaendelea kusugua.

Akasema, ile Ijumaa, wewe utakaa wapi?

Nikamwambia popote.

Akasema kaa karibu yangu basi.

Nikauliza kwa nini. Nilijua. Nilitaka aseme. Akazungukazunguka, oo macho, oo umri, oo maandishi ya siku hizi ni madogo. Nikamwambia wifi, sema neno lenyewe nisikie. Maji yalikuwa yanatiririka, nikafunga bomba ili pawe kimya kabisa. Akatazama mlango. Akasema kwa sauti ya chini: sijui kusoma.

Nikamwambia sijasikia.

Akarudia.

Nimelala— hapana, hata sijalala bado, ni saa moja tu jioni. Lakini najua nitalala vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Klorini na asidi havichanganywi. Mkufunzi kalisema hilo mara sita, na ubaoni kabandika picha ya mtu anayeshika koo. Moshi wake unachoma mapafu, macho usiulize. Sote tulijua. Kwa Kamanda, mafundo mawili na mafundo matatu hayajawahi kukaa rafu moja, na yeye ndiye aliyetufundisha kabla tai ya huyu haijashonwa. Lazima niandike haki yake. Kazi anaijua.

Kanuni ya nne: ni marufuku kunusa dawa ili kuitambua. Soma lebo. Wifi akaandika! Alishika kalamu akachorachora kwenye daftari lake, mistari na vijiduara, uso umekunjwa kama karani. Nilichungulia. Nusura nicheke kwa sauti.

Lebo za mfano zina rangi. Asidi nyekundu, klorini bluu, sabuni kijani. Mchana, kwenye ngazi za dharura, nikamwambia usihangaike na herufi, shika rangi tu. Akashika mara moja. Nikamjaribu mara kumi, hakukosea hata moja. Akanishika bega akasema, kumbe ni rahisi hivi. Uso wake ulikuwa umefunguka. Sijawahi kuuona hivyo tangu niolewe. Nilijisikia vibaya kidogo, sijui kwa nini, kwa sababu leo nilikuwa sijafanya lolote baya.

Alhamisi, 6 Juni

Wifi amenioshea vyombo. Mama mkwe kauliza kuna nini. Nikasema wifi kapenda mwenyewe. Nikamwomba na maji ya kuoga anipelekee. Akapeleka. Nikamwambia ya moto zaidi. Akarudi jikoni.

Mume wangu kasema usimfanyie hivyo dada. Nikamwambia, ulikuwa wapi miaka miwili?

Ijumaa, 7 Juni

Jaribio limekwisha. Maswali kumi. Nilikaa kulia kwake. Mkufunzi alipotoka kupokea simu tulibadilishana karatasi. Nikajaza yake haraka haraka, mwandiko nikaulaza kidogo. Chini kuna mstari: Nimesoma na kuelewa kanuni zote za usalama. Hapo akachora mwenyewe saini yake, kile kitu kama kamba iliyojikunja.

Nilimpa sita. Sita ni kufaulu. Sita si kuwa msimamizi.

Matokeo palepale. Mimi kumi kwa kumi! Mkufunzi akanipa mkono. Meneja akanipa koti la kijivu, bado liko ndani ya nailoni. Mzee wa Vioo akapiga makofi peke yake, halafu akamtazama Kamanda, akaacha.

Wifi alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Sita. Kuhesabu anajua sana. Akaniangalia kwa muda mrefu. Mlangoni, kabla hatujaingia, akasema: Hongera, Msomi. Ulinipimia vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza ya koti. Mikono ni mirefu, nimeikunja.

Agizo la Meneja: kufika mchana, nyuzi zote ziondolewe, lebo zibandikwe. Ningeweza kumpa mtu yeyote mkasi. Nilikata mwenyewe. Niliwapanga wote nane mbele ya stori, nikaleta chupa moja moja, ka, ka, ka. Nyuzi zikaanguka sakafuni. Nikamwambia wifi azifagie.

Akafagia. Halafu akasogea, akaninong'oneza: Acha hata ule wa asidi. Uzi mmoja tu, wifi yangu.

Wifi yangu! Miaka miwili na nusu ndani ya nyumba moja, ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Nitasema ukweli, mkono ulisita. Lakini wenzangu walikuwa wanatazama, na kwenye kundi kuna aliyeanza kucheka kichinichini, nikasikia lile cheko la ghorofa ya pili. Nikakata.

Kisha zikaja lebo. Loo! Wino wa rangi umekwisha ofisini. Zimechapwa nyeusi tupu. Nyeusi kwenye nyeupe, zote, asidi, klorini, sabuni, karatasi moja, ukubwa mmoja. Nilimwona wifi anavyozitazama. Aliitazama hii, akaitazama ile, akanitazama mimi. Angesema. Mzee wa Vioo alikuwa amesimama pale, na wengine pia. Hakusema.

Mimi nilikuwa na mdomo pia. Nikasema: Haya, kazini!

Nimezipanga rafuni kwa alfabeti. Asidi, klorini, sabuni.

Jumanne, 11 Juni

Wifi anahesabu chupa rafuni kutoka kushoto. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ana akili, mama yule, asikudanganye mtu. Halafu kwa uhakika anafungua kizibo, anapitisha chini ya pua haraka.

Nilimkuta. Nikamwambia kanuni ya nne! Kwa sauti, korido nzima. Wafanyakazi wa ofisini walitoa vichwa milangoni. Nikajaza fomu ya onyo, ya kwanza katika usimamizi wangu, nikamsomea, akachora kamba yake. Akauliza nikinusa tena? Nikasema onyo la pili. Na la tatu? Nikasema unajua mwenyewe.

Akafunga kizibo, na kutwa nzima hakunusa tena.

Jumatano, 12 Juni

Choo cha wanawake, ghorofa ya tatu. Saa tatu na dakika kumi.

Mzee wa Vioo alichukua chupa ya asidi kuondoa madoa ya chokaa kwenye kioo. Akairudisha. Mwisho wa rafu, upande wa kulia, mahali pa sabuni, na sabuni akaisogeza pa asidi. Yeye anasoma, kwake haikuwa na shida.

Wifi alimimina klorini kwenye ndoo. Halafu ile ya tatu.

Nilisikia kikohozi kwanza. Nikadhani anajifanya. Mungu nisamehe, niliandika saa kwenye fomu ya zamu kabla ya kwenda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, chumba kidogo, hakina dirisha. Mzee wa Vioo alivunja komeo kwa bega. Wifi alikuwa amepiga magoti, uso juu ya ndoo, ndoo imefoka, imemrukia usoni. Moshi wa kijani kijani. Hakuwa analia. Alikuwa anapapasa sakafu kutafuta chupa, anaipata, anapapasa shingo yake. Anatafuta uzi.

Tulimmwagia maji, dakika kumi na tano, kama mkufunzi alivyosema. Nilihesabu mimi. Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 13 Juni

Meneja ameniita. Akafunga mlango. Mezani karatasi tatu: fomu ya mahudhurio, jaribio la wifi, onyo la Jumanne. Akazigusa moja moja kwa kucha. Alihudhuria. Alifaulu. Alionywa. Akasema ni bahati kubwa tuna msimamizi makini.

Nikamshukuru! Mdomo ulitoa wenyewe.

Akasema sasa yanahitajika maelezo ya mgonjwa, yaandikwe, yawekwe dole gumba kwa vile haoni. Wewe ni ndugu, kamwandikie. Akanitajia maneno, nikaandika kwenye kiganja: nilichanganya dawa kwa uzembe wangu, nikijua kanuni.

Nikamwuliza, na akisema vingine?

Akachukua jaribio la wifi, akaliweka kando ya jaribio langu. Akasema hii miandiko ni mapacha, ila mmoja umelala. Mimi sijauona. Na wewe usiuone. Akanifungulia mlango mwenyewe. Losheni imenigandia kooni mpaka sasa.

Ijumaa, 14 Juni

Daktari kaongea na mume wangu. Jicho la kushoto basi tena. La kulia linaweza kuokolewa, lakini si pale — hospitali ya macho, na kabla ya Jumanne. Huko wanampokea mara moja kwa barua ya kampuni, kwamba ni ajali ya kazini. Meneja kasema barua itafuata maelezo. Kama ni uzembe wake, hakuna barua. Bila barua ni foleni ya kawaida, na foleni ya kawaida ni mwezi wa nane.

Mume wangu kauliza, ni kweli ulizikata nyuzi? Nikasema ni agizo. Akauliza, nani alizikata? Nikasema ni agizo! Akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Mama mkwe kanikumbatia. Kasema ahsante mwanangu kwa kummwagia maji dada yako siku ile. Hajawahi kuniita mwanangu. Alichagua leo.

Nimeandika maelezo jikoni, nikiwa nimekalia ile ndoo. Mistari minne. Ya Meneja. Yamekamilika, chini nimeacha nafasi ya dole gumba.

Jumamosi, 15 Juni

Benchi la nje ya wodi. Saa nne na nusu asubuhi. Naandika haraka, nesi kaenda kutafuta kidau cha wino.

Nilimkuta ameketi, bendeji macho yote mawili. Akanijua kwa hatua. Akasema unaburuza kisigino, ndiyo maana unateleza. Nikamwambia nimetumwa kumwandikia maelezo. Akasema nilikuwa nakungoja.

Karatasi ya jana ilikuwa mapajani mwangu, tayari. Kalamu sikuifungua. Niliikwaruza na kofia yake juu ya jalada la daftari hili, ili asikie mtu anaandika.

Akasema: Andika kwanza, mimi sijui kusoma.

Nikakwaruza.

Akasema, umeandika? Andika vizuri, mimi sijui kusoma na sikumwambia mtu, miaka kumi na moja. Andika nilijua chupa kwa mafundo. Andika mafundo yalikatwa.

Nikamwuliza, yalikatwa na nani? Sijui kwa nini niliuliza. Hakuna aliyeniuliza.

Koo lake linatoa sauti kama karatasi sasa. Akasema: Weka hivyo hivyo, yalikatwa. Kaka yangu ana mke mmoja.

Nikakwaruza.

Akasema, jaribio nilisaidiwa. Usitaje mtu. Nilitaka kusaidiwa mwenyewe, nilimfuata jikoni mwenyewe. Halafu akasema, hili usiandike, nakwambia wewe tu: lile neno la mimba. Nilikuwa namchekesha mama. Hakuna aliyecheka. Nililijua siku ile ile, nikashindwa pa kuanzia.

Nilikwaruza, ingawa alisema nisiandike.

Akasema: Haya, nisomee.

Nikamsomea! Macho yangu yalikuwa juu ya nilichanganya dawa kwa uzembe wangu, na mdomo ukasema mimi sijui kusoma. Mdomo ukasema yote, neno kwa neno, kwa mpangilio wake, hata pale aliporudia. Kumbukumbu ninayo nzuri. Ndiyo iliyonipa kumi kwa kumi.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema kumbe nikisomwa nasikika mtu wa maana. Akacheka kidogo, akakohoa sana, nikamshikia beseni.

Halafu akanyoosha mkono. Akasema lete hiyo karatasi. Akaipapasa pembe zote nne. Akachomoa uzi kwenye pindo la shuka, akatoboa pembe kwa kucha, akaupitisha, akafunga. Vidole vyake vilivyo haraka! Fundo, fundo, fundo, na la nne. Akasema manne sijawahi kutumia kwenye chupa yoyote. Hili ni langu. Karatasi ikija kwa dole gumba nitaishika hapa, nijue ndiyo ile uliyonisomea. Maana huko ofisini, Msomi, watu wanabadilishana karatasi.

Sijui kama alitabasamu. Bendeji inashuka mpaka kwenye mashavu.

Nimekaa hapa. Nimechana karatasi safi katikati ya daftari hili na nimeandika yote aliyosema, mimi sijui kusoma, mpaka mwisho. Mwandiko haukulala. Meneja akiuona tu, mimi sina koti, sina kazi, na nyumbani wataisoma, na mume wangu ndiye atakayewasomea. Sasa ziko mbili mapajani. Ya kweli haina uzi. Ya uongo ina mafundo yake manne.

Nimejaribu kuyafungua niyahamishe. Nimetumia kucha, nimetumia meno. Hayafunguki. Kila siku nilimwona anafunga, sikuwahi kumwuliza anafunga vipi. Na nikifunga la kwangu atalijua kabla hajamaliza kuligusa.

Au niingie nimwambie. Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.

Mkasi uko mfukoni mwa koti, ule ule.

Nesi huyu hapa, ana kidau mkononi. Anaziona karatasi mbili. Anauliza mgonjwa anaweka dole kwenye ipi.